Mtumwa alipomshtaki bwana wake: Mama aliyepigania bintiye kortini

UKITAJA utumwa wa Marekani, wengi wetu huona minyororo, viboko na mashamba ya pamba. Wachache hufikiria korti. Kumbe kwa karibu miaka 200 wapo watumwa waliowaburuta mabwana zao mbele ya majaji kudai uhuru. Na wengine walishinda!

Polly Berry alikuwa mmoja wao. Mwaka wa 1839, mama huyu aliyekuwa akitumikishwa mjini St. Louis, jimbo la Missouri, aliwasilisha kesi. Hoja yake ilikuwa moja tu: miaka ya nyuma alikuwa amepelekwa kuishi na kufanya kazi Illinois, jimbo lililokataza utumwa.

Missouri yenyewe iliruhusu utumwa. Lakini mnamo 1824, katika kesi ya mwanamke anayeitwa Winny, majaji wa jimbo hilo walikuwa wameamua kwamba mtumwa akipelekwa na bwana wake kuishi kwenye ardhi huru, anakuwa huru. Akirudishwa Missouri, uhuru wake haufutiki.

Sasa utauliza, mtu asiye na senti, asiyemiliki hata nguo alizovaa, anamlipa nani wakili? Sheria ya mwaka huohuo wa 1824 ilikuwa na jibu. Mtumwa aliruhusiwa kushtaki kama maskini, na korti ikampa wakili. Bwana naye alikatazwa kumwadhibu kwa sababu ya kesi, au kumhamishia mbali ili kesi ife.

Kesi zenyewe ziliandikwa kwa ujanja wa kisheria. Mlalamishi alidai kwamba amepigwa na kuzuiliwa kinyume cha sheria, kwa sababu yeye ni mtu huru. Bwana angejibu: “Sina kosa, huyu ni mtumwa wangu.” Basi hapo kesi nzima inageuka swali moja: huyu aliyesimama hapa ni mtu huru au ni mali? Na mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa mtumwa, siyo wa bwana.

Polly alisubiri miaka minne. Mwaka wa 1843 alishinda.

Lakini ushindi huo haukumaliza vita. Mwaka mmoja kabla ya kupata uamuzi wake, Polly alikuwa tayari amerudi kortini na kesi nyingine, safari hii kwa niaba ya bintiye Lucy, aliyekuwa ametishiwa kuuzwa mbali.

Mbona mama na mtoto wawe na kesi mbili tofauti? Kuelewa hilo, inabidi turudi nyuma hadi karne ya 17.

Mnamo 1656 katika koloni la Virginia, mwanamke anayeitwa Elizabeth Key alipata uhuru wake kortini. Mamake alikuwa Mwafrika mtumwa, babake Mwingereza huru. Kwa desturi ya Uingereza mtoto alifuata hadhi ya baba, na hiyo ilikuwa sehemu ya hoja yake. Wakuu wa koloni hawakutaka kesi nyingine kama hiyo. Mwaka wa 1662 walitunga sheria mpya: mtoto atafuata hadhi ya mama. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ni yule bwana mwenyewe.

Sheria hiyo ilienea katika makoloni mengine na kuwa mojawapo ya nguzo za utumwa. Kila mtoto aliyezaliwa na mtumwa alikuwa mali mpya ya bwana, bila bwana kutoa hata ndururu.

Polly na mawakili wake waliigeuza sheria hiyo. Kama mtoto hufuata mama, na kama Polly alipata haki ya kuwa huru tangu alipokaa Illinois, basi Lucy, aliyezaliwa baadaye, alitoka katika tumbo la mwanamke huru. Hakuwahi kuwa mtumwa hata siku moja!

Lucy alilipia kesi hiyo kwa mwili wake. Kwa miezi 17 alifungiwa jela mjini St. Louis, ilhali yeye ndiye mlalamishi. Sababu iliyotolewa ni kwamba asitoweke kabla ya uamuzi. Hebu fikiria, msichana mdogo anakaa seli zaidi ya mwaka mzima akisubiri watu asiowajua waamue kama yeye ni mtu.

Februari 1844, wakili Edward Bates alisimama kumtetea. Bates mwenyewe aliwahi kumiliki watumwa, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu katika serikali ya Rais Abraham Lincoln. Lucy alipewa uhuru wake. Miaka mingi baadaye, akijulikana kama Lucy Delaney, aliandika kitabu kuhusu maisha yake na vita vya mamake.

Si kila familia ilikuwa na Illinois ya kutaja. Katika jimbo la Maryland, nyingi zilitegemea kumbukumbu za nyanya. Ukoo wa Butler ulijua kwamba mama yao wa kale alikuwa Eleanor Butler, mtumishi mzungu kutoka Ireland, aliyeolewa na mtumwa mwaka wa 1681. Wajukuu zake walijaribu kushtaki wakashindwa kwenye rufaa mwaka wa 1771. Hawakukata tamaa. Mnamo 1787 binti yao, Mary Butler, alirudi na hoja hiyohiyo ya mama wa kale, akashinda.

Ukoo wa Queen nao ulidai kutoka kwa Mary Queen, mwanamke waliyesema alifika Maryland akiwa huru. Edward Queen alimshtaki bwana wake, kasisi John Ashton, na mwaka wa 1794 akashinda. Jamaa zake wengine wakafuata njia hiyo. Uamuzi mmoja kuhusu mama mmoja ungeweza kuokoa ukoo mzima.

Wenye watumwa waliona hatari. Mwaka wa 1813 kesi ya Mina Queen na bintiye Louisa ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Wakili wao alikuwa Francis Scott Key, aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani mwaka uliofuata. Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba masimulizi ya wazee kuhusu Mary Queen ni maneno ya kusikia tu, hayawezi kuwa ushahidi. Jaji Gabriel Duvall peke yake ndiye aliyepinga. Mina na Louisa walishindwa.

Hapo ndipo ukatili ulipojificha. Watu waliozuiwa kusoma na kuandika, ambao ndoa zao hazikutambuliwa na ambao vizazi vyao viliandikwa kwenye daftari za bwana pamoja na ng’ombe, sasa waliambiwa kile walichokuwa nacho, yaani masimulizi ya wazee wao, hakitoshi.

Mlango wa Missouri nao ulifungwa. Dred Scott na mkewe Harriet walishtaki mjini St. Louis mwaka wa 1846, kila mmoja na kesi yake. Walikuwa na binti wawili, Eliza na Lizzie, ambao hatima yao ilifuata hadhi ya Harriet. Walishinda mwaka wa 1850. Miaka miwili baadaye mahakama kuu ya jimbo ikaufuta ushindi huo, na kuachana na msimamo ulioanza na kesi ya Winny. Mwaka wa 1857, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hiyo, hivyo Scott hana haki hata ya kushtaki mbele yake.

Miezi michache baadaye familia hiyo iliachiliwa huru na mmiliki mpya. Dred alifariki mwaka wa 1858. Harriet aliishi hadi 1876. Aliona utumwa ukipigwa marufuku mwaka wa 1865, na katiba ikibadilishwa mwaka wa 1868 kutamka kwamba anayezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ya kisheria ni raia.

Katika kumbukumbu za korti ya St. Louis kumepatikana faili zaidi ya 300 za kesi kama hizi. Nyingi ni za watu ambao hakuna kitabu kilichoandikwa juu yao. Wengi hawakujua kuandika, hivyo mwishoni mwa karatasi, mahali pa sahihi, waliweka alama ya X.