Mafahali Wawili katika Zizi Moja: Vyama Vikuu na Utawala wa Kikatiba Nchini Marekani

Wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Nchini Marekani, mafahali hao wamekaa zizini kwa zaidi ya karne moja na nusu. Tangu mwaka 1853, kila rais wa nchi hiyo ametoka ama katika Chama cha Democratic ama katika Chama cha Republican. La ajabu ni kwamba katiba yao, iliyoandikwa mjini Philadelphia mwaka 1787, haivitaji vyama vya siasa hata mara moja. Hili ni tofauti na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo katika Kifungu cha 91 imeweka bayana masharti ambayo kila chama sharti kiyatimize. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi vyama hivyo viwili, visivyojulikana na maandishi ya katiba, vilivyobadilisha namna katiba yenyewe inavyofanya kazi.

Kutotajwa kwa vyama hakukutokana na usahaulifu. Waasisi wa taifa hilo waliviogopa. James Madison, katika insha ya 10 miongoni mwa zile zijulikanazo kama Federalist, alitoa hoja kwamba ukubwa wa nchi na wingi wa masilahi ungezuia kundi moja kuwatawala wengine wote. Katika insha ya 51 alieleza nguzo ya pili ya ulinzi: Rais, Bunge na Mahakama vitenganishwe, kisha kila mhimili upewe uwezo na hamu ya kuzuia uvamizi wa mwingine. Tamaa ya mtu mmoja itazuiwa na tamaa ya mwenziwe. Yafaa ifahamike kuwa mpango huu haukutegemea wema wa viongozi. Ulitegemea wivu wao: seneta angeionea wivu hadhi ya Seneti, naye jaji angeilinda mahakama. George Washington naye, katika risala yake ya kuaga ya mwaka 1796, aliwaonya wananchi dhidi ya roho ya uchama. Wakati huo tayari Madison huyohuyo, akishirikiana na Thomas Jefferson, alikuwa amekwisha kuunda chama.

Pigo la kwanza kwa katiba halikukawia. Kwa mujibu wa utaratibu wa awali, kila mjumbe wa uchaguzi alipiga kura mbili. Aliyeongoza akawa rais, wa pili akawa makamu. Utaratibu huo uliwafaa watu wasio na vyama. Mwaka 1796 ulizaa rais, John Adams, na makamu wake, Jefferson, waliokuwa wapinzani wa kisiasa. Mwaka 1800 mambo yaliharibika zaidi. Wajumbe wa chama cha Jefferson walitii chama chao kikamilifu hivi kwamba Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, walipata kura 73 kila mmoja. Baraza la Wawakilishi lililazimika kupiga kura mara 36 kabla ya kumpata mshindi mnamo Februari 1801. Rekebisho la 12 la mwaka 1804 likatenganisha kura ya rais na ya makamu. Kwa hivyo, katiba ilifanyiwa marekebisho kwa ajili ya vyama bila ya kuvitaja.

Kwa nini basi vyama viwili tu, wala si vitano au kumi? Jibu limo zaidi katika sheria za uchaguzi kuliko katika mapenzi ya wapiga kura. Kila eneo bunge humchagua mtu mmoja, na katika majimbo mengi anayeongoza hushinda hata kama hakufikisha nusu ya kura. Isitoshe, majimbo yote isipokuwa Maine na Nebraska humpa mshindi wajumbe wote wa uchaguzi wa urais. Mwaka 1992 Ross Perot, aliyegombea bila chama, alipata takriban asilimia 19 ya kura za wananchi. Hakuambulia mjumbe hata mmoja. Mpiga kura aliyeliona hilo hahitaji mhadhiri wa kumweleza kwamba kura ya chama cha tatu ni kama maji yaliyomwagwa mchangani. Ikumbukwe pia kwamba sharti la mbunge mmoja kwa kila eneo bunge halimo katika katiba. Ni sheria ya kawaida ya Bunge ya mwaka 1967.

Athari kubwa ya hali hii ni kuhama kwa utiifu. Madison alimtarajia seneta aipende Seneti. Seneta wa leo hukipenda kwanza chama chake. Wanasheria Daryl Levinson na Richard Pildes, katika makala yao ya mwaka 2006, walionyesha kwamba kinachotenganishwa Marekani aghalabu si mihimili bali ni vyama. Rais na Bunge wakitoka chama kimoja, mlinzi na mlindwa hula sahani moja. Wakitoka vyama tofauti, udhibiti hurudi, lakini mara nyingi hurudi ukiwa umevaa sura ya kukomoana.

Hakuna mahali jambo hili linapodhihirika kama katika mashtaka ya kumwondoa rais mamlakani. Katiba inataka wingi wa kawaida katika Baraza la Wawakilishi ili kumshtaki, na thuluthi mbili za maseneta waliohudhuria ili kumtia hatiani. Mwaka 1868 Andrew Johnson aliponea chupuchupu kwa kura moja, nao maseneta saba wa Republican waliokataa kumhukumu walikuwa wakikiasi chama chao. Mnamo Februari 1999, maseneta wote 45 wa Democratic walimwachilia Bill Clinton. Mnamo Februari 2020, ni seneta mmoja tu wa Republican, Mitt Romney, aliyemwona Donald Trump kuwa na hatia. Naye ndiye seneta wa kwanza katika historia kupiga kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake. Mwaka uliofuata, baada ya uvamizi wa majengo ya Bunge wa tarehe 6 Januari 2021, Warepublican saba waliungana na Wademokrat. Kura zikawa 57 kwa 43, ilhali zilihitajika 67. Si nia ya makala haya kuamua nani alistahili kuhukumiwa. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba thuluthi mbili, iliyowekwa iwe kizingiti dhidi ya hukumu za haraka, imekuwa ngome ya chama cha rais.

Hata hivyo, itakuwa kutia chumvi kudai kwamba ngome hiyo haijawahi kubomoka. Mwaka 1974, katika kashfa ya Watergate, Mahakama ya Juu ilimwamuru Richard Nixon akabidhi kanda za sauti. Majaji wote wanane walioisikiliza kesi hiyo walikubaliana, na watatu miongoni mwao walikuwa wameteuliwa na Nixon mwenyewe. Siku chache baadaye viongozi wa Republican bungeni, akiwemo Seneta Barry Goldwater, walimwendea na kumweleza kwamba hakuwa na kura za kumwokoa. Alijiuzulu tarehe 9 Agosti. Wakati huo vyama vilikuwa na mchanganyiko mkubwa wa maoni: palikuwa na Wademokrat wahafidhina wa Kusini na Warepublican wa mrengo wa kati wa Kaskazini-Mashariki. Mchanganyiko huo umepungua mno tangu hapo.

Mahakama nayo haikusalimika. Mwaka 1986 Seneti ilimwidhinisha Jaji Antonin Scalia kwa kura 98 bila pingamizi. Scalia alipofariki Februari 2016, Rais Barack Obama alimteua Merrick Garland, na Seneti iliyoongozwa na Warepublican ikakataa hata kumsikiliza, kwa hoja kwamba uchaguzi ulikuwa mwaka huo. Miaka minne baadaye Seneti iliyoongozwa na chama hichohicho ilimwidhinisha Amy Coney Barrett kwa kura 52 kwa 48, zikiwa zimebaki siku nane tu kabla ya uchaguzi. Katiba haikuvunjwa mara zote mbili. Inasema tu kwamba Seneti itashauri na kuridhia, haisemi lini.

Kugawanyika huko huzaa pia mikwamo. Kanuni za Seneti, wala si katiba, hutaka kura 60 ili kufunga mjadala wa miswada mingi. Mnamo Oktoba na Novemba 2025, chama cha Republican kilishika urais na mabaraza yote mawili, lakini hakikuwa na kura hizo 60 za kupitisha matumizi ya fedha. Shughuli nyingi za serikali zikafungwa kwa siku 43, na watumishi wa umma wakakosa mishahara.

Swali linalosalia ni kwa nini wabunge huogopa kuachana na chama. Mipaka ya maeneo bunge ni sehemu ya jibu. Mwaka 1812 Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts alitia sahihi sheria ya mipaka iliyochora eneo moja la ajabu. Wachekeshaji wa magazeti wakaliunganisha jina lake na la salamanda, mnyama afananaye na mjusi, wakapata neno jipya. Mwanafunzi wa isimu atautambua uhulutishaji hapo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za shirikisho hazina uwezo wa kutatua malalamiko ya mipaka inayopendelea chama. Katika eneo lililochorwa hivyo, uchaguzi mkuu huwa umekwisha kabla ya kuanza, na mtihani wa kweli ni kura za mchujo ndani ya chama.

Wabunge kumi wa Republican walipiga kura ya kumshtaki Trump mnamo Januari 2021. Wanne hawakugombea tena mwaka 2022. Wanne walibwagwa katika mchujo, akiwemo Liz Cheney wa Wyoming. Wawili tu walirudi bungeni, mmoja kutoka California na mwingine kutoka jimbo la Washington. Katika majimbo hayo mawili, wagombea wa vyama vyote huwekwa katika karatasi moja ya mchujo, na kila mpiga kura huruhusiwa kumchagua amtakaye. Utaratibu huo haukumwokoa kila mtu, kwani mmoja wa wale wanne walioshindwa alitoka Washington pia. Lakini katika majimbo yenye mchujo wa chama pekee, hakuna hata mmoja wa wale kumi aliyerudi.