Jaketi la Karume

Jaketi lenyewe nililinunua soko la Karume asubuhi wanapofungua marobota ya mitumba. Zito kama godoro la mtoto. Jua la Dar linawaka, na mimi napita Mtaa wa Uhuru nimelitupia begani, vijana wananikodolea macho kama nimerukwa na akili. Nilikuwa na safari ya Lushoto mwezi wa saba, na aliyewahi kulala Lushoto mwezi wa saba hawezi kunicheka.

Nilipofika nyumbani, wajukuu wakaanza kulipekua. Mifuko haiishi: kifuani, ndani, mbavuni, hata kwenye mkono wa kushoto kuna kamfuko kadogo kenye zipu. Humo ndimo walimotoa kadi ya plastiki yenye maneno mawili, Engelberg na Titlis.

“Babu, hii kadi ya mwendokasi ya wapi?”

Hawakuwa mbali na ukweli, wanangu. Ni kadi ya kupandia mlima. Inawekwa mkononi pale ili ukifika getini usogeze mkono tu, geti lifunguke, maana vidole vyako vimo ndani ya glovu nene na havitoki ovyo.

Engelberg ni Kijerumani, maana yake Mlima wa Malaika. Ni mji mdogo wa Uswisi, umekaa bondeni, na milima imeuzunguka kama kuta za sufuria. Mwaka 1120 wamonaki wa Mtakatifu Benedikto walijenga hapo monasteri. Mmonaki ni mwanamume aliyeamua kuishi maisha yake yote na wenzake katika nyumba moja, bila mke, bila mali yake binafsi, na siku yake imegawanywa kati ya sala na kazi. Basi wale wakakaa, na mpaka leo wapo. Kwa karne nyingi abate, yaani mkuu wao, ndiye aliyelitawala bonde lote, hadi mambo yalipogeuka mwaka 1798 Wafaransa walipoingia Uswisi. Siku hizi hatawali mtu, lakini ukienda unaweza kuona jibini likitengenezwa humo humo monasterini.

Na theluji ya huko ikoje? Fungua friza la muuza barafu za ubuyu ambalo halijasafishwa muda mrefu. Ule unga mweupe ulioshika ukutani, ukwangue kwa kijiko. Sasa fikiria huo unga unashuka kutoka mbinguni usiku kucha, kimya, bila kelele ya mvua kwenye bati, na asubuhi umefika magotini. Shamba halilimiki, ng'ombe wamo zizini. Watu wa Skandinavia ndio waliozoea tangu zamani kufunga mbao ndefu miguuni ili wateleze juu yake badala ya kuzama, ndiyo skii. Waswisi waliuchukua mchezo huo mwishoni mwa karne ya 19, na vijiji vyao vya milimani, vilivyokuwa vikilala usingizi wakati wa baridi, vikaanza kujaa wageni. Engelberg wageni hupandishwa mlima Titlis kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya, nacho huku kinapanda kinajizungusha chenyewe ili kila mtu aone pande zote. Titlis ina mita 3,238. Msisahau Kilimanjaro yetu ina 5,895.

Wala msidhani mchezo huu una wenyewe. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, aliiona theluji kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, alipokwenda Finland kujifunza skii mwaka 1996. Miaka miwili baadaye akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano, Japani. Akawa wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, hakuondoka. Alimsubiri mstarini akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mimi mshindi wa namna hiyo namheshimu kuliko medali yake.

Sasa nirudi kwenye safari yangu, maana wamonaki hawakuishia Ulaya. Kanisa la Mtakatifu Yosefu hapa Dar, lile lenye mnara mrefu mkabala na boti za Zanzibar, lilijengwa kati ya 1897 na 1902 na Wabenediktini wa kutoka Bavaria, Ujerumani. Wenzao waliotangulia walianzia Pugu mwaka 1888, na misheni yao ikateketezwa mwaka uliofuata wakati pwani ilipoinuka dhidi ya Wajerumani. Baadaye wakajenga Peramiho na Ndanda, na huko wapo hadi leo.

Na Lushoto wapo pia. Basi likifika Mombo linaiacha barabara ya Moshi na kuanza kupanda, kona juu ya kona, bonde liko chini ya dirisha lako na utingo anapiga soga tu. Karibu na Soni kuna Sakharani, shamba la Wabenediktini, wanatengeneza divai na kuuza makadamia. Jina hilo lilikuwa la utani la ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince, aliyelimiliki shamba hilo kabla hajafa katika vita vya Tanga mwaka 1914.

Mjukuu wangu wa kati, anayependa jiografia, aliponisikia akaniuliza swali lililonifurahisha: mji upi uko juu zaidi, Engelberg au Lushoto? Lushoto! Engelberg iko kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Lushoto iko kama 1,400. Sasa mbona huku hakuna theluji? Kwa sababu Lushoto haifiki hata nyuzi tano kutoka ikweta, jua linaipiga karibu wima mwaka mzima. Engelberg iko nyuzi 47 kaskazini, na Desemba jua lao linachungulia tu juu ya milima kisha linazama. Kwa hiyo wakati wao wanateleza, Lushoto wanavuna kabichi na karoti, zinapakiwa kwenye malori, na alfajiri ziko Kariakoo.

Jaketi nililivaa siku zote tatu nilizokaa Lushoto. Kadi niliirudisha mfukoni mwake. Mkitaka kwenda nanyi, mabasi yanaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, asubuhi na mapema, na majaketi Karume bado yapo.