Damu ya Mzee Ipi? Kusaka Rangi ya Kweli ya Treni ya Mvuke

Kichwa cha treni namba 5918, kiitwacho Mount Gelai, kimetulia katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi kikiwa na rangi ya damu ya mzee. Ni kimoja kati ya vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252, na katika reli za upana wa mita moja hakuna kichwa cha mvuke kilichowahi kuvizidi kwa ukubwa na nguvu duniani. Sasa chukua fundi anayeunda mfano wake wa sentimita 36 hivi, kwa kipimo cha 1 kwa 87. Bamba zimeungwa, magurudumu yanazunguka, limebaki kopo la rangi. Damu ya mzee ipi?

Mtu atasema: nenda makumbusho ukaangalie. Lakini vichwa vya makumbusho hupakwa upya ili visiliwe na kutu, na mpakaji hutumia rangi iliyopo dukani mwaka huo. Hata rangi ya zamani ikibaki, jua limeshaifanyia kazi. Mionzi ya urujuanimno huvunja mafuta yanayoshikilia chembe za rangi, chembe zikalegea, na uso ukawa na ungaunga mweupe. Paka mafuta kidogo mahali hapo na utaona wekundu ukirudi ghafla, umekolea kuliko ulivyodhani.

Picha za zamani nazo zina mitego yake. Kemikali za mwanzo za picha hazikuona rangi zote sawasawa. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua namna ya kuzifanya zihisi kijani, lakini nyekundu iliendelea kutoka nyeusi, na buluu ikatoka nyeupe mno, hadi filamu zinazohisi rangi zote zilipoenea katika karne ya 20. Kwa hiyo treni inayoonekana nyeusi tii katika picha ya enzi za Reli ya Uganda, iliyotangulia ile ya Afrika Mashariki, inaweza kuwa ilikuwa nyekundu, na picha peke yake haitakwambia.

Viwanda vya Uingereza vilikuwa pia na desturi ya kukipaka kichwa kipya rangi ya kijivu isiyong'aa kabla ya kukipiga picha rasmi, ili kila ribiti na kila bomba lionekane vizuri. Beyer, Peacock walianza kumtumia mpiga picha James Mudd tangu miaka ya 1850, na hazina yao ya picha imehifadhiwa Manchester. Ni hazina ya thamani kubwa kwa anayetafuta umbo, mahali mistari ya mapambo ilipopita, au jinsi herufi zilivyopangwa. Kwa rangi, huenda unachokitazama ni vazi la siku moja tu.

Slaidi za rangi za miaka ya 1960 na 1970 zinasaidia zaidi, ila filamu nyingi za wakati ule hupoteza buluu zikikaa kabatini, picha nzima ikaelekea wekundu. Kwa damu ya mzee hilo ni balaa, maana kosa linaelekea kulekule unakotarajia. Dawa yake ni kutafuta ndani ya picha hiyohiyo kitu ambacho rangi yake inajulikana: shati jeupe, bendera ya kijani ya gadi, majani ya mti. Shati likiwa na uwaridi, usiamini bamba la treni lililo nyuma yake.

Ushahidi mzito uko kwenye rangi yenyewe, pale ambapo jua na msasa havikufika: nyuma ya kibao cha jina, chini ya kichwa cha bolti. Mtaalamu huchukua kipande kidogo kuliko punje ya mchele, akakigandisha ndani ya resini angavu, akakisugua kwa msasa laini na laini zaidi, kisha akakitazama kwa hadubini kutoka ubavuni. Hapo tabaka hujipanga: rangi ya msingi iliyoshika chuma, puti, rangi ya kwanza, ya pili, varnishi. Kinachonivutia zaidi ni uchafu. Mstari mwembamba wa masizi kati ya tabaka mbili unaonyesha kwamba ile ya chini ilikuwa ya nje na treni ilifanya nayo kazi. Pasipo na mstari, pengine tabaka zote mbili ni za kazi moja ya karakana. Mionzi ya eksirei hutaja madini yaliyomo, kama risasi, kromiamu au chuma, bila kuharibu kitu.

Hata hapo kuna tahadhari. Mafuta ya kitani, yaliyotumika sana kwenye rangi na varnishi, hugeuka manjano yakikaa gizani. Kipande kilichofichwa miaka 50 kinapaswa kwanza kuwekwa kwenye mwanga kwa siku kadhaa ili umanjano upungue, ndipo kipimwe.

Halafu kuna suala la mwaka ambao mfano wako unauonyesha. Vichwa vya daraja la 60 vilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na majina hayo yaling'olewa baada ya uhuru. Mfano wenye jina la gavana katika mandhari ya mwaka 1970 umekosea hata kama rangi yake imepimwa kwa mashine.

Ukishapata rangi, ilinganishe chini ya taa ileile itakayoangaza mfano wako. Rangi mbili zenye viambato tofauti zinaweza kulingana kabisa dukani chini ya taa ya mrija na kuachana mara tu zikipelekwa juani. Mafundi wengi huongeza pia weupe kidogo, kwa kuwa kitu kikubwa kikionekana kwa mbali hupauka. Nakubaliana nao, mradi kipimo cha asili kiandikwe kwanza na kihifadhiwe.

Wapo bado wazee waliopaka rangi katika karakana za reli za Nairobi na Dar es Salaam kabla ya shirika la Reli ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kama babu au baba yako ni mmoja wao, kaa naye, mwulize rangi ilikuja ikiwa tayari au ilichanganywa, varnishi ilipakwa mara ngapi, kopo gani bado liko stoo. Nanyi mnaokarabati vichwa vya zamani, kabla hamjakwangua hadi kwenye chuma, chukueni kipande kimoja kutoka nyuma ya kibao cha jina, kiwekeni kwenye bahasha, na muandike juu yake namba ya kichwa, mahali kilipotoka na tarehe.