Mtoto Wako Yuko Nyumba Gani Shuleni?

Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, idadi ya watu mjini Ruiru iliongezeka kutoka takriban 239,000 hadi zaidi ya 490,000. Thika nayo ilipita 250,000. Nyuma ya takwimu hizi kuna familia zinazohamia mitaa mipya, na watoto wanaojiunga na shule kubwa bila kumjua hata mtu mmoja. Mtoto kama huyo ndiye anayefaidika zaidi na mfumo wa nyumba.

Nyumba ni nini?

Ni kundi la wanafunzi wa madarasa yote, wadogo kwa wakubwa, wanaobaki pamoja hadi wamalize shule. Kila nyumba huwa na jina, rangi, nahodha na mwalimu mlezi. Mfumo huu ulitokana na shule za bweni za Uingereza. Katika kaunti yetu, Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, iliyofunguliwa 1926, ina nyumba zenye majina kama Livingstone, Grieves na Aggrey. Grieves alikuwa mwalimu mkuu wa kwanza wa shule hiyo. James Aggrey, msomi kutoka nchi ambayo sasa ni Ghana, alizuru Kenya mwaka 1924.

Shule ya kutwa pia inaweza kuwa na nyumba. Hazihitaji vitanda, bali orodha ya majina na walimu walio tayari kuzisimamia.

Zinasaidia vipi?

Darasa humkutanisha mtoto na wa rika lake. Nyumba humpa kaka na dada wakubwa. Mgeni hupata mwenzake wa kumwonyesha maktaba na foleni ya chakula. Mwalimu mlezi naye, kwa kuwa ana kundi dogo, hutambua mapema anayekosa masomo au anayeonewa.

Kisha kuna alama, zinazojumlishwa muhula mzima. Zisiishie kwenye mbio na kandanda. Usafi, drama, midahalo, utunzaji wa miti na kuhudhuria masomo pia vihesabiwe, ili asiyejua kukimbia naye awe na la kuchangia.

Ushindani usigeuke uhasama

Mwaka 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana 22 katika makundi mawili kambini Oklahoma, Marekani. Mashindano ya kuwania zawadi yalipoanza, walitukanana na hata kuchomeana bendera. Kuwaketisha pamoja kwa chakula hakukutosha. Uhasama ulipungua walipopewa kazi zilizowahitaji wote, kama kutafuta kasoro katika mfumo wa maji wa kambi.

Shule zetu zinaweza kujifunza kutokana na hilo. Baada ya siku ya michezo, nyumba zote zishirikiane katika kazi moja, kama kupanda miti au kusafisha uwanja. Aidha, nyumba nzima isiadhibiwe kwa kosa la mmoja, kwani atachukiwa na wale wale waliopaswa kumlinda. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku adhabu ya viboko na mateso ya kiakili.

Mzazi aulize nini?

Kwenye mkutano wa wazazi, uliza:

- Wanafunzi hugawanywa vipi? Nyumba bora huchanganya watoto wa mitaa, lugha na uwezo tofauti.
- Nani mwalimu mlezi wa mtoto wangu?
- Je, mzazi atalipia fulana ya nyumba? Utepe wa rangi unatosha.
- Mgeni hupokelewa vipi wiki ya kwanza?

Shule za msingi na za upili zinasimamiwa na serikali ya kitaifa. Jukumu la kaunti ni elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi. Kwa hivyo, ukitaka shule ya mtoto wako ianzishe nyumba au irekebishe zilizopo, peleka pendekezo lako kwa mwalimu mkuu, Chama cha Wazazi au Bodi ya Usimamizi. Na jioni ya leo, muulize mtoto yuko nyumba gani. Asipojua, hapo ndipo pa kuanzia.