Nairobi hadi New York: Kilomita Zilezile, Saa Tofauti

Usiku wa Oktoba 28, 2018, Boeing 787 ya Kenya Airways iliruka kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta kwenda New York bila kutua popote njiani. Kwa mujibu wa ratiba ya uzinduzi wa safari hizo, ndege ingeondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kutua uwanja wa JFK saa 12:25 asubuhi. Ukihesabu kwa vidole, hizo ni saa saba tu. Kumbe abiria hukaa kitini takriban saa 15, kwani majira ya baridi saa za New York huwa nyuma ya za Nairobi kwa saa nane.

Kutoka uwanja mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 11,800. Umbali huo hupimwa juu ya mviringo wa dunia, si kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Ramani ya kawaida ingempeleka rubani magharibi zaidi, atokee baharini pande za Mauritania, na safari ingeongezeka zaidi ya kilomita 300. Njia fupi kuliko zote hupanda kaskazini-magharibi, ikipita juu ya Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Morocco, ndipo iingie Atlantiki. Hata hivyo, si kila ndege huifuata barabara: dhoruba, anga iliyofungwa kwa sababu ya vita na maelekezo ya waongoza ndege huweza kuipindisha.

Sasa tuje kwenye saa. Dreamliner, yaani Boeing 787 hiyo, ikishatulia angani huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,800 kwa 900, unapata saa 13 na dakika chache. Saa nyingine, hadi kufikia 15, zinaliwa na nini?

Kwanza, muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, si magurudumu yanapoacha ardhi. Pili, upepo. Juu kabisa, katika latitudo za kati, huvuma mkondo wenye kasi kubwa kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ikikutana na upepo wa omo wa kilomita 100 kwa saa, mwendo wake juu ya ardhi hushuka hadi 800. Upepo huohuo ukija wa tezi, mwendo hufika 1,000. Mabaharia wa majahazi waliokuwa wakisubiri kaskazi ili waje Zanzibar wangelielewa jambo hili bila maelezo. Ndiyo maana safari ya kurudi Nairobi ilipangiwa muda mfupi zaidi, kama saa 14 na nusu.

Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, Boeing 747 ya British Airways, ikisukumwa na upepo huohuo wa tezi, ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa sita.

Nairobi ina jambo lake pia. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Jua likiwaka, huzidi kuwa nyepesi, na ndege iliyosheheni mafuta huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, huirahisishia kazi.

Kwa anayelinganisha tiketi, cha kutazama ni jumla ya muda wa safari. Saa za kuondoka na kufika huandikwa kwa majira ya kila mji, na alama ya +1 kando ya saa ya kufika humaanisha siku inayofuata: anayeondoka New York Jumatatu mchana, mwenyeji wake aende uwanjani Nairobi Jumanne asubuhi.