Kituo cha wazee: ahadi iko, nyumba iko wapi?

UZI 🧵

1/ Kila kampeni kuna mtu anaahidi kituo cha mchana cha wazee. Makofi, vigelegele, picha. Halafu inakwama. Wengi husema ni pesa. Mimi naona tatizo linaanza mapema zaidi: nyumba yenyewe.

2/ Kwanza tuelewane. Kituo cha mchana si makao ya wazee. Hakuna anayelala hapo. Mzee anakuja asubuhi, anakunywa chai, anapimwa presha, anapiga stori na wenzake, jioni anarudi kwake. Ukichanganya hizo mbili utasikia "mnataka tutupe wazazi wetu?" na mjadala unafia hapo.

3/ Hii si hisani. Kifungu cha 57 cha Katiba kinataka wazee washiriki kikamilifu katika jamii na waishi kwa heshima. Mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na sensa ya 2019 ilihesabu takriban milioni 2.7. Elfu mbili za Inua Jamii (kwa aliyefika 70 na kusajiliwa) zinanunua unga. Hazinunui mtu wa kuongea naye.

4/ Sasa, nyumba. Wagombea wanapenda kujenga mpya kwa sababu jengo jipya lina utepe wa kukata. Lakini linahitaji ardhi ya umma, na tunajua hadithi ya ploti za umma nchi hii. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi zilivyogawiwa kiholela. Ploti ikiwa na kesi, mzee wa miaka 75 atangoja hukumu hadi lini?

5/ Kukodi? Landilodi anaweza kuongeza kodi, na nyumba ya kuishi ikigeuzwa kituo inahitaji kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi. Ukumbi wa kanisa au msikiti ni nafuu, ila wa dini nyingine atajisikia mgeni. Na pesa za umma zikitengeneza paa, hilo paa ni la nani?

6/ Kwangu, anzia ukumbi wa kijamii wa wadi. "Unakodishwa kwa harusi." Sawa, harusi ni Jumamosi. Jumanne saa tatu asubuhi nani yuko ndani? Ombeni daftari la kukodisha, muone wenyewe.

7/ Halafu mkague choo. Sitanii. Mtu mwenye magoti mabovu hawezi choo cha kuchuchumaa, na hatakwambia. Ataacha kunywa chai ili asiende, kisha ataacha kuja. Choo cha kukaa, chuma cha kushikilia ukutani, mlango unaopitisha kiti cha magurudumu, maji. Hiyo ni kazi ya fundi, haihitaji kontrakta mkubwa.

8/ Pia umbali kutoka steji. Ikibidi boda kwenda na kurudi kila siku, ile elfu mbili imeisha.

9/ Haya yote yaingie kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti, unaofikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Vikao vya kutoa maoni ndipo pa kusemea, na nendeni na wazee wenyewe.

10/ Akija kuomba kura, muulize namba ya ploti. Akiijua, muulize nani atamlipa mpishi na mlinzi mwaka wa pili.