Mama, Usikubali Binti Aiache Fizikia

Wenyeji wa Karema wanamkumbuka Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa uganga kule Malta, akawatibu watu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Alifariki mwaka 1956. Je, binti yako naye anatamani udaktari? Basi fuatilia masomo yake mapema.

Wasichana wengi hupenda Biolojia lakini huikimbia Fizikia wakidhani ni ya wavulana. Kumbuka, mama: vyuo vikuu vya tiba, kama Muhimbili na kile cha Bugando, humtaka mwombaji wa udaktari awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha sita. Akichukua Jiografia badala ya Fizikia, mlango huo hufungwa.

Hisabati nayo asiidharau. Sisi wauguzi huitumia kila siku: mtoto wa kilo 12 akiandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, dozi yake ya mara moja ni miligramu 180. Ukikosea nukta, unamdhuru.

Mpunguzie binti kazi za jioni apate saa moja ya kufanya mazoezi. Kaka yake naye anaweza kuteka maji.